Chawa wa Pili

Zamani chawa alikuwa mdudu, alijificha kwenye pindo la nguo na watu walimtafuta wamuue. Siku hizi chawa ni mtu mzima, ana suti, anakaa karibu na mkubwa na kumsifia hata akipiga chafya. Mzee Kastabini aliwajua wa aina zote mbili. Aliapa kwamba ndani ya chumba chake cha kufundishia ushonaji angemfuga mmoja tu, yule wa kwanza, na yule mwingine akijitokeza angemtoa kwa pasi ya moto.

Jina la Kastabini alipewa na wateja, kwa sababu ya kile kikofia cha chuma ambacho fundi huvaa kidoleni ili sindano isimtoboe. Wenzake walikivaa wakati wa kushona. Yeye alikula nacho, alisalimia watu nacho, na mkewe alikuwa akiwaambia mashemeji kwamba usiku wa harusi alidhani ameolewa na bawaba.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, kwenye chumba chenye mlango mmoja na dirisha lisilofunguka. Shule aliijua kwa uzio wake tu. Kusoma alijifundisha mwenyewe, na hakuwa na kitabu. Mjomba alikuwa akikata violezo vyake kwenye magazeti ya zamani: mguu wa suruali, kola, mkono wa koti, vyote vimetundikwa kwenye msumari mmoja ukutani. Wenzake walipolala baada ya chakula cha mchana, Kastabini alitungua mguu wa suruali akausoma kuanzia kiunoni kwenda chini. Habari ilipofika gotini ilikuwa imeliwa na mkasi. Ndiyo maana hata uzeeni alijua nusu ya mambo mengi ya dunia. Alijua kwamba daraja fulani lilianguka, ila hakujua lilimwangukia nani. Alijua waziri mmoja alikamatwa. Kama aliachiwa, Mungu ndiye ajuaye.

"Nusu nyingine ilikuwa kwenye mguu wa kushoto," alipenda kusema, "na mguu wa kushoto aliuazima fundi jirani. Mpaka leo hajarudisha."

Kuhusu chawa, ilikuwa hivi. Mjomba alipewa kitambaa cha mistari ashone koti la mzee mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake. Mjomba alitandika kitambaa mezani, akakata upande wa kulia, kisha akakizungusha, mistari ikalala, akakata upande wa kushoto. Wanafunzi wanne walikuwa wamesimama kuizunguka meza, Kastabini akiwa mmojawao. Wote wanne waliona. Mwenye koti alipokuja kulichukua, saa mbili kabla ya shughuli, alijitazama kwenye kioo. Mistari ya kulia ilishuka chini; ya kushoto ilikwenda kando, kama mume na mke walioachana. Yule mzee hakugomba. Alilivua taratibu, akaliweka mezani, akaenda kumwoza binti yake akiwa na shati.

Mjomba akawageukia wanafunzi wake. "Mliona?"

"Tuliona, mjomba."

"Mkanyamaza?"

"Tulikuheshimu."

Mjomba akakaa kwenye kiti cha cherehani, akawa anazungusha gurudumu kwa kidole, tupu, bila uzi. "Heshima yenu imenivua nguo," akasema.

Kuanzia kesho yake alianza kuficha kosa moja kila siku ndani ya kazi yake. Akaliita chawa. Aliyeliona akalisema kwa sauti, alipewa mkasi siku hiyo. Aliyeliona akanyamaza, alifagia nyuzi. Na lilikuwa moja tu kwa siku, kamwe si mawili, kwa kuwa mwanafunzi akianza kushuku kila kitu hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano. "Kidole kimoja hakivunji chawa," mjomba alisema. "Kimoja ni changu. Cha pili kitoke kwenu."

Kastabini alirithi vitu vitatu kwa mjomba wake: mkasi, pasi ya mkaa, na chawa. Alifika navyo vyote kwenye chuo cha ufundi, ambako alipewa kufundisha bila cheti chochote, kwa vile wakati huo walitafuta mtu anayejua kazi. Fikiria, kulikuwa na wakati kama huo.

Chumba chake kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Alivitoa viti, akaunganisha mbao tatu zikawa meza ya kukatia, akapanga cherehani tano, moja haina mkanda. Kila mwaka alichukua wanafunzi saba, kwani meza ilikuwa ya watu saba. Kwa miezi miwili ya kwanza hakuna aliyegusa cherehani. Walifumua. Alileta makoti makuukuu akawaambia wayafumue mshono kwa mshono, waseme aliyeshona alikuwa na haraka au alikuwa na njaa, na wapi alipiga miayo. Kila walipomaliza koti aliwafunga macho kwa kitambaa na kuwapa vipande vya nguo mkononi. Kila kitambaa kina uso na kina mgongo. Kwa macho unaweza kudanganywa, hasa kwa vitambaa vyeusi na vya bluu iliyokolea. Kidole gumba hakidanganywi, kikishafundishwa.

Mwaka ule wa mwisho aliyekuwa mgumu kuliko wote alikuwa Dereva. Huyu alikuwa mtu wa makamo aliyeendesha malori mpaka mgongo ukamsaliti. "Mgongo wangu umekufa, mwalimu," alisema siku ya kwanza, "nimekuja kutafuta wa kitambaa." Wote walicheka, lakini mwezi ulipita na alikuwa bado anabahatisha. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama kwato.

"Vidole vyako vimevaa viatu," Kastabini alimwambia. "Vivue."

"Nitavivuaje, mwalimu?"

Kastabini alimkatia kipande cha kitambaa cha bluu ukubwa wa kiganja, akamwambia akiweke mfukoni, akisugue kwa gumba kila anapongoja kitu: maji yajae ndoo, chai ipoe, mkewe anyamaze. Mama Pacha, mwanafunzi mwenzake mwenye watoto mapacha na ulimi wa watu wawili, akadakia: "Hicho cha mke anyamaze kitakichakaza kitambaa." Wiki ya saba Dereva alifungwa macho, akapewa vipande kumi, akavipata vyote kumi. Alipofunguliwa macho aliviangalia vidole vyake kama mtu aliyeletewa wageni.

Kisha ikaja amri mpya. Kila mwalimu wa ufundi awe na cheti. Asiye nacho atakuja kutazamwa na mkaguzi akifundisha somo moja. Akifaulu anapewa cheti na kuendelea. Akishindwa, darasa lake linageuzwa kuwa la wiki sita, la video, chini ya mwalimu mwingine.

Mkuu wa chuo, mwanamke mwenye umri wa binti wa kwanza wa Kastabini, alimwita ofisini akamwekea kiti.

"Mzee wangu, mimi sitaki uondoke," alisema. "Nisaidie nikusaidie. Siku hiyo fundisha vizuri, andika malengo ubaoni, na yale mambo ya chawa yaache nyumbani. Mkaguzi akiona mwalimu anakosea hataelewa."

"Nikiacha chawa, mwanangu, nitakuwa nafundisha nini?"

"Kushona, mzee."

"Kushona hata mashine inajua. Mimi nawafundisha kuona, na kusema walichokiona."

"Dunia imebadilika, baba."

"Haijabadilika. Imefumuka."

Alitoka bila kuahidi kitu. Mkuu, kwa nia njema kabisa, akawakusanya wale wanafunzi saba akawaambia: siku ya mkaguzi asitokee mtu wa kumwambia mwalimu amekosea. Mwalimu akiuliza, jibuni. Akifanya, pigeni makofi. Yaani aliwaomba wawe chawa, wale wa siku hizi. Mama Pacha ndiye aliyemfikishia Kastabini habari hiyo, na alimfikishia kwa kuigiza mpaka sauti.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Kastabini hakumwambia Mkuu, wala wanafunzi, wala yeye mwenyewe. Mkewe ndiye aliyelisema, wakiwa jikoni asubuhi, wiki moja kabla.

"Mume wangu, umeshika sufuria ya moto kwa mkono mtupu."

"Mkono wa fundi haushtuki."

"Umeishika, ukaitua, ukanisimulia habari za daraja lako. Malengelenge hayo. Hukusikia?"

Aliangalia. Kweli, kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimevimba. Vilikuwa vinakufa ganzi tangu msimu wa mvua; alijua na hakutaka kujua. "Ni uzee wa kawaida," akasema, akachukua kastabini akaivaa.

Siku ya mkaguzi chumba kilifagiwa mara mbili. Mkaguzi alikuwa mtu mpole mwenye suti ya dukani, mabega yake yameanguka inchi nzima, na Kastabini alijizuia kwa taabu asimwambie avue. Alikaa pembeni na fomu magotini. Mkuu akakaa karibu naye. Ubaoni hakukuandikwa malengo. Kuliandikwa: LEO MKONO WA KOTI.

Koti lilikuwa la bluu iliyokolea. Mwili wake ulikatwa jana yake. Kastabini alitandika kitambaa, akakisugua kwa gumba, akasema, "Uso." Akaweka kiolezo. Akachukua futi, ule utepe wa kupimia, akapima urefu kwa chaki, akisema kwa sauti, "Inchi ishirini na nne, kutoka begani hadi kifundoni." Kisha akanyanyua mkasi akasubiri. Alisubiri kidogo zaidi ya inavyohitajika. Kila mwanafunzi alijua kusubiri huko.

Mkuu akatabasamu. Watu wawili wakapiga makofi, wakaacha.

Mama Pacha alimtazama Mkuu, akamtazama mwalimu, ulimi ukamshinda. "Mwalimu, umeanza kupima kwenye moja badala ya mwanzo wa futi. Huo mkono utapungua inchi. Mtu akikunja kiwiko ataonyesha watu saa asiyokuwa nayo."

"Chawa amekufa!" Kastabini akapiga meza. "Njoo ushike mkasi." Akamgeukia mkaguzi, akamweleza kwa maneno machache desturi ya mjomba wake. Mkaguzi alisikiliza, akafuta kitu kwenye fomu, akaandika kingine. Hata alicheka. Mkuu akashusha pumzi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko walivyotarajia wote.

Mama Pacha akapima upya, akakata mkono wa kwanza. Kastabini akachukua kitambaa kilichobaki, akakigeuza kukinyoosha, akakisugua kwa gumba. "Uso," akasema. Akapindua kiolezo, kama inavyotakiwa, ili upatikane mkono wa kushoto. Akakata mwenyewe, mkasi ukiimba. Akampa Dereva mikono yote miwili apige bandi, ile mishono mirefu ya muda inayoshikiza nguo kabla ya mashine.

Dereva hakutunga uzi. Alikuwa anausugua mkono wa pili. Akaurudia. Akafumba macho, akausugua tena, uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia breki zimekatika.

"Dereva, bandi," Kastabini akasema.

"Mwalimu." Alikohoa. "Bado kuna chawa."

"Chawa ni mmoja kwa siku."

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana naogopa." Akainua vile vipande viwili. "Huu umekatwa uso juu. Huu umekatwa mgongo juu. Kiolezo umekipindua na kitambaa nacho kilikuwa kimepinduka. Hii yote ni mikono ya kulia."

Kastabini alivichukua. Alisugua. Hakusikia kitu: si uso, si mgongo, ni kama alisugua hewa. Akavipeleka dirishani, akavitazama kwa macho kwenye mwanga wa jua, na akaona. Koti la mikono miwili ya kulia. Alikuwa ameshona makoti ambayo idadi yake hakuijua, na hilo hakuwahi kulifanya hata siku aliyokuwa na homa.

Mkuu aliinuka haraka. "Mwalimu aliweka mawili leo," akamwambia mkaguzi, "kwa heshima ya wageni. Sivyo, mzee?"

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alishusha kalamu yake. "Niambie tu, mzee wangu. Ni makusudi? Ukisema ndiyo, naweka alama hapa, tunakwenda kunywa chai."

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Wanafunzi saba walikuwa wamesimama kuizunguka meza, wote wanajua ukweli, na wote wangenyamaza. Wangenyamaza kwa mapenzi. Kastabini aliwaona wanne wengine nyuma yao, wa zamani, mmojawao yeye mwenyewe. Akamtazama Dereva, ambaye alikuwa ameshika kile kitambaa chake cha mfukoni akikisugua pasipo kujijua. Mtu huyu alikuwa amesema mbele ya wakubwa jambo alilokatazwa kusema, dhidi ya mwalimu anayempenda, kwa kuwa gumba lake lilimwambia. Sasa mwalimu aseme gumba limemdanganya?

"Hapana," akasema. "Wa kwanza nilimweka mimi. Wa pili amekuja mwenyewe."

"Mzee..." Mkuu akaanza.

"Vidole vyangu vimekufa, mwanangu. Sijavizika tu." Akamgeukia mkaguzi. "Andika. Andika kwa wino mzito: mwalimu ameharibu kitambaa. Kisha chini yake andika kwamba mwanafunzi wake, mwenye mikono ya kufungulia matairi, amelijua kosa lile kwa macho yaliyofumbwa, kabla hata hajatunga uzi."

Mkaguzi aliipekua fomu, mbele na nyuma. Alionekana kuitafuta nafasi hiyo kwa dhati. "Hapa hakuna sehemu ya mwanafunzi," akasema hatimaye. "Kuna mwalimu: maandalizi. Na mwalimu: utendaji."

"Basi fomu yako nayo ni mikono miwili ya kulia. Umemkata mwalimu mara mbili, mwanafunzi hayumo. Nani atalivaa koti hilo?"

Mama Pacha aliangua kicheko, akajiziba mdomo, kikamtokea puani.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, mistari mitatu na mhuri. Kastabini aliisoma yote, akamsomea mkewe, kisha akaichukua mezani akaichorea kiolezo cha mfuko wa shati na kukikata. "Leo kwa mara ya kwanza," akamwambia, "nimekata karatasi nikiwa najua habari nzima."

"Na vidole?"

"Vidole nitaazima vyako. Kaa hapa, shika hiki, niambie: uso au mgongo?"

Mkewe akashika, akabahatisha, akakosea. "Tena," Kastabini akasema, na akamvutia kiti.

Alirudi chuoni mara moja tu, kuchukua mkasi na pasi. Meza ya mbao tatu ilikuwa imetolewa nje. Viti vilipangwa mistari vikitazama ukuta, na ukutani mikono isiyo na mtu ilikuwa inashona, myeupe, safi, haraka. Wale wanafunzi saba walikuwa wamekaa. Mwalimu mpya alishika kidude cha kusogezea picha. Kastabini alisimama mlangoni, hakuna aliyemwona.

"Samahani, mwalimu," Mama Pacha alisema, mkono juu. "Chawa wa leo ameshapita?"

"Chawa gani, dada? Video haina makosa."

"Sasa sisi tunatafuta nini?"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Kastabini alibeba mkasi na pasi yake, kifuniko cha pasi kikalia, akaondoka. Alipofika getini alisikia mtu anamkimbilia kwa hatua nzito. Alikuwa Dereva, na mwilini alivaa lile koti la bluu. Lilikuwa limekamilika: bitana, vifungo, pindo. Mkono wa kushoto ulipinda nyuma kana kwamba unatafuta kitu kilichoanguka.

"Waliamuru litupwe," Dereva alisema akihema. "Tumelishona kwa zamu, usiku kwa Mama Pacha. Kama lilivyo."

Kastabini aliweka pasi chini. Alimzunguka. Akapindua pindo, akatazama bitana kwenye mwanga, akavuta kwapa la kushoto. "Hapa umevuta mshono," akasema kwa ukali.

"Sijavuta, mwalimu. Umekosea. Hapo ni mkono wenyewe unakataa."

Kastabini alitazama tena, kwa muda mrefu. "Kweli," akasema. "Nimekosea."

Akachukua pasi yake akavuka barabara. Upande wa pili aligeuka. Wengine sita walikuwa wamejazana kwenye dirisha la darasa, migongo kwa video, na Dereva alisimama getini akijaribu kumpungia. Aliinua mkono wa kushoto, koti likaukatalia begani. Akauinua tena, ukakataa. Basi akauacha ulivyo, nusu juu nusu nyuma, akaendelea kupunga nao hivyohivyo.